TAA YA OILI IKIWAKA: PIMA KWANZA, FUNGUA BAADAYE



Msimu wa kuchuma ukaribiapo, barua zinazofika ofisini kwetu huwa za namna tatu: za majamvi, za wachumaji na za gari. Leo twapenda kujibu zile za gari. Katika mwezi huu wanachama watatu wametuuliza swali moja. Kila mmoja wao ana Land Rover ya zamani, na taa ya oili yawaka injini ikisha pata moto. Kila mmoja amekwisha ambiwa na fundi kwamba hapana budi injini ifunguliwe yote na kranki ikatwe. Mmoja wao ametuandikia kuwa ameanza mazungumzo ya kuikodisha mikarafuu yake mtini, karafuu zingali changa, ili apate fedha ya kazi hiyo.

Jambo hili si dogo. Anayekodisha mtini kwa haraka aghlabu hupokea bei ya mtu mwenye haraka. Na asiyetengeneza gari yake naye ana hatari yake: injini ikifa njiani na magunia ya karafuu mbichi yamo garini, karafuu zile zikilala zimerundikana huvunda, na karafuu iliyovunda hairudi kuwa nzuri kwa jua la siku yoyote. Kwa hivyo anayesema "fungua" na anayesema "acha" wote wawili waweza kumtia mwenye gari hasara. Tuutafute ukweli wenyewe.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: presha ndogo ya oili ni khabari, si ugonjwa. Magonjwa yanayoweza kuileta khabari hiyo ni mengi. Mengine dawa yake ni kitu cha bei ya mlo mmoja, na mengine ni kazi ya kufungua injini kweli. Yote huwasha taa ile ile moja. Taa haiwezi kumwambia mtu ni lipi, geji yaweza.

GARI TUNAYOIZUNGUMZA

Tutasema khasa juu ya injini ya petroli ya lita 2 na robo (senti mita za ujazo 2,286), ambayo Land Rover ilianza kutiwa mwaka 1958 na ikaendelea mpaka gari za Series III zilipokwisha kutengenezwa mwaka 1985. Ndugu yake ya dizeli, yenye ukubwa ule ule, alikuja mwaka 1961. Injini za kabla ya mwaka 1980 zina beringi 3 kubwa za kushikilia kranki. Zilizofuata zina 5. Mambo mengi tutakayoyasema yafaa kwa injini nyingine kuukuu pia, lakini hesabu ni za hii. Mwenye gari nyingine na atazame kitabu cha gari yake.

PRESHA YATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Sivyo hasa. Pampu husukuma oili tu. Presha hupatikana kwa sababu oili ile yalazimishwa kupita mahali pembamba. Mtu anayemwagia maji kwa mpira analijua jambo hili: akiuacha mdomo wa mpira wazi, maji hutoka mengi bila ya nguvu, akiubana kwa kidole, maji yale yale huruka mbali.

Katika injini hii oili hulala katika sampu chini. Pampu, ambayo imo ndani ya sampu hiyo hiyo, huinyonya kupitia chujio la waya, huisukuma katika filta, kisha huingia katika njia kuu iliyotobolewa ndani ya chuma cha injini. Kutoka hapo huenda kwenye beringi kubwa za kranki, na kupitia matundu ya ndani ya kranki hufika kwenye beringi za fimbo za pistoni. Nyingine hupanda juu kwenye shafti ya kamu na roka. Kidole chetu cha kubana ni ule upenyo mdogo kati ya chuma cha kranki na beringi zake. Mafundi wana kipimo chao cha kukisia: kwa kila inchi moja ya unene wa shafti, upenyo uwe kiasi cha sehemu moja katika elfu ya inchi. Ndani ya upenyo huo kranki huelea juu ya oili, chuma kisiguse chuma.

Basi presha hupungua kwa njia tano tu. Oili haifiki ya kutosha kwenye pampu. Au pampu imechakaa. Au oili yenyewe imekuwa nyepesi mno. Au vali ya kupunguza presha imekwama wazi. Au mapenyo ya beringi yamepanuka. Ipo na ya sita, nayo ni kwamba presha haikupungua hata kidogo, ila aliyeleta khabari ni mwongo.

YA KUTAZAMA BILA YA KUFUNGUA KITU

Kabla ya yote, kama taa inawaka gari iko mwendoni na injini ina kasi, zima injini hapo hapo. Usiseme "nifike kwanza kilimani". Beringi isiyopata oili huungua kwa muda mfupi sana. Lakini taa inayopepesa injini ikiwa moto na inaunguruma polepole, kisha ikazimika mara tu unapokanyaga mafuta kidogo, hiyo haina haraka ya namna hiyo, na yakupa nafasi ya kufanya haya yafuatayo.

La kwanza, tazama kiasi cha oili. Simamisha gari mahali pa sawa, ngoja dakika chache oili ishuke, kisha chomoa kijiti, kipanguse, kitie tena na kichomoe usome. Sampu ya injini hii huchukua lita 6, na filta karibu lita moja kasoro. Katika njia zetu za vilima, oili ikiwa chini ya alama hukimbilia upande mmoja gari inapopanda au kukata kona, na pampu hunyonya hewa. Mwenye gari ambaye taa yake huwaka mlimani tu na atazame hapa kabla ya kumwita mtu.

La pili, tazama oili yenyewe na uinuse. Oili ikizidi alama ya juu na hali hukuongeza, jua kuna kitu kimeingia. Ikinuka petroli, shuku ngozi ya pampu ya petroli kuwa imetoboka na inavujisha ndani ya injini. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi kama maji, haiwezi kushika presha, tena ni hatari ya moto. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Katika hali zote mbili usiiwashe injini: ondoa kwanza sababu, kisha mwaga oili yote.

La tatu, jiulize ni oili gani iliyomo na ina muda gani. Injini hizi katika joto letu hupenda oili ya namba 20W-50. Oili nyepesi zinazotiwa katika gari mpya za siku hizi si mbaya kwa gari hizo, lakini ukiitia katika injini ya miaka hamsini presha itashuka bila ya kuwapo ugonjwa wowote. Badilisha oili na filta pamoja, na unapoweka filta mpya hakikisha pete ya mpira ya zamani imetoka. Pete mbili zikikaa pamoja oili huvuja kwa nguvu.

La nne, mhoji aliyeleta khabari. Swichi ya oili ina waya mmoja. Fungua switi ya gari bila ya kuwasha injini, taa itawaka. Chomoa waya kwenye swichi ya oili. Taa sharti izimike. Isipozimika, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani, na injini haina kosa. Kisha gusisha ncha ya waya ule na chuma cha injini. Taa sharti iwake. Isipowaka, ama waya umekatika ama balbu imekufa, na hilo ni baya zaidi, maana umekuwa ukiendesha bila ya mlinzi. Swichi za namna hii huwasha taa presha ikishuka mpaka kiasi cha ratili 10 hivi kwa inchi mraba. Zikichakaa huweza kuwasha presha ikiwa nzuri kabisa, au kutowasha kabisa.

KUPIMA KWA GEJI

Haya yote yakisha, ndipo inapokuja geji. Gari hizi nyingi zilitoka kiwandani na taa tu, bila ya geji ya oili. Geji ya kupimia hufungwa mahali pa swichi kwa muda, kisha hutolewa. Nyuzi za swichi si za namna moja kwa gari zote, basi ukienda kununua kiungo chukua swichi yako mkononi.

Pima mara tatu na uandike katika karatasi: injini ikiwa baridi, mara tu inapowashwa, injini ikiwa imepata moto na inaunguruma polepole, na injini ikiwa moto katika mizunguko 2,000 kwa dakika. Gari hizi hazina saa ya mizunguko, lakini mizunguko 2,000 ni sawasawa na mwendo wa maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 50, katika gia ya mwisho. Kipimo cha mwisho ndicho kikubwa. Kitabu cha gari chasema kwamba hapo presha iwe kati ya ratili 35 na 65 kwa inchi mraba, ndizo zile zilizoandikwa PSI katika uso wa geji. Na injini iwe moto kweli, baada ya mwendo wa nusu saa. Injini baridi humpendeza kila mtu, kwa sababu oili baridi ni nzito.

Sasa soma karatasi yako.

Ikiwa moto katika mizunguko 2,000 wapata 35 au zaidi, injini yako ni salama. Nunua swichi mpya, na fedha iliyobaki weka kwa wachumaji.

Ikiwa baridi presha ni nzuri, kisha hushuka kidogo kidogo kadiri injini inavyopata moto mpaka chini ya 35, na oili ni mpya na ya namba yake, hapo mapenyo yamepanuka: ama ya beringi, ama ya pampu.

Ikiwa presha ni ndogo baridi na ni ndogo moto, na injini haina mlio wowote mbaya, shuku vali ya kupunguza presha. Uchafu mdogo ulioketi chini yake wairudisha oili kwenye sampu kabla ya kufanya kazi.

Ikiwa mshale unatetemeka, au unashuka badala ya kupanda unapokanyaga mafuta, pampu inanyonya hewa au chujio limeziba. Ulegevu katika kiungo cha bomba la kunyonyea hutenda hivyo hivyo.

Na ikiwa presha ni ndogo na injini inagonga, usiipime mara ya pili. Izime.

KUSIKILIZA

Mlio nao una maana. Beringi ya fimbo ya pistoni ikichakaa hugonga kwa sauti kavu, khasa unapoachia mafuta kidogo baada ya kukanyaga. Katika injini ya petroli, fundi huzima silinda moja moja kwa kuondoa waya wa plagi, naye atumie koleo yenye mpira, maana waya ule hurusha umeme. Silinda ambayo mlio wake hupungua inapozimwa ndiyo yenye beringi mbovu. Beringi kubwa ya kranki huvuma kwa sauti nzito kutoka chini, khasa gari inapopanda na mzigo. Mlio mwepesi wa juu kama wa cherehani aghlabu ni wa vali kutaka kurekebishwa. Huo hauhusiani na maneno yetu ya leo.

KUFUNGUA SAMPU SI KUFUNGUA INJINI

Tuseme geji imesema presha ni ndogo kweli. Hata hapo hatujafika kwenye kranki. Sampu hufunguliwa injini ikiwa palepale garini, na kazi hiyo yamalizika kwa siku moja. Katika injini hii vali ya kupunguza presha imo katika pampu, na pampu imo katika sampu, basi safari moja yatazama vitu vinne.

Kwanza uchafu wa chini na chujio. Tope jeusi lililoganda katika nyavu latosha kuwa sababu. Chekecha lile tope kwa vidole: vipande vinavyometa ni vya beringi. Pili vali: itolewe, isafishwe, itazamwe inakalia mahali pake sawasawa, na springi yake isiwe imevunjika au kuchoka. Tatu pampu: ndani mna gia mbili, na upenyo baina ya uso wa gia na kifuniko hupimwa kwa rula ya chuma na visu vya kupimia. Upenyo huo ni wa elfu chache tu za inchi. Kifuniko chenye mtaro unaokamata ukucha kimekwisha. Nne beringi: fungua kofia moja ya fimbo ya pistoni na kofia ya katikati ya kranki. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyo sawa. Ikionekana rangi ya shaba, tabaka la juu limeliwa.

Upo pia uzi laini wa plastiki wa kupimia upenyo. Huwekwa juu ya kranki, kofia hufungwa kwa nguvu iliyotajwa kitabuni bila ya kuzungusha kranki, kisha hufunguliwa na upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na karatasi iliyokuja nao. Fundi asiyeutumia hakisii vibaya kwa makusudi, lakini anakisia. Na mwenye kulipa ni wewe.

Chuma cha kranki kikiwa laini na cha duara, beringi mpya za ukubwa ule ule zaweza kutiwa bila ya kukata. Kikiwa na mikwaruzo au kimekuwa kama yai, ndipo hukatwa, na beringi nene zaidi hutiwa: za kumi, ishirini, thelathini au arubaini katika elfu ya inchi. Hapo neno la fundi la "kranki ikatwe" limekuwa kweli, na twalipa kwa moyo safi kwa sababu tumeona kwa macho.

DAWA ZA UONGO

Kuna dawa nne zinazozunguka kisiwani petu, na twaomba wanachama waziepuke. Ya kwanza ni kutia oili nzito mno. Mshale hupanda, lakini injini inapowashwa asubuhi oili hiyo huchelewa kufika juu, na uchakavu waongezeka. Ya pili ni kutia washa nyuma ya springi ya vali ili iwe ngumu. Vali ile kazi yake ni kuzuia presha isizidi. Ikiwa presha haifiki hata mahali inapofunguka, kuikaza springi hakuongezi kitu, ila asubuhi injini ikiwa baridi presha hupita kiasi na kuumiza filta na gia za pampu. Ya tatu ni kusugua kofia za beringi kwa tupa ili zibane. Shimo huwa si duara tena, na kofia hiyo haitafaa kwa beringi mpya milele. Ya nne ni kuchomoa waya wa taa.

Mwanachama mmoja wa upande wa kaskazini alitumia dawa ya kwanza na ya pili kwa misimu miwili, na gari yake ilikuwa kimya. Msimu wa tatu fimbo ya pistoni ilitoboa ubavu wa injini katikati ya mchumo. Ilipofunguliwa, chujio lilikuwa limeziba kwa tope, nalo lingalisafishwa kwa mafuta ya taa na brashi. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

GEJI YA CHAMA

Kamati imenunua geji moja ya kupimia presha ya oili pamoja na viungo vyake, na imewekwa ofisini. Mwanachama yeyote aweza kuiazima kwa siku mbili bila ya malipo, kwa kutia saini katika daftari. Atakapoirudisha twaomba atuachie namba zake tatu alizopima, na aina ya gari na oili, ili baada ya msimu tuzichapishe hapa bila ya majina, watu wote wafaidike.

Wanachama watatu waliotuandikia watapewa kwanza. Na yule aliyekwisha anza mazungumzo ya kukodisha mikarafuu yake twamwomba asitie saini yake bado. Angoje siku mbili: moja ya kubadilisha oili na filta, na moja ya kupima. Akisha soma mshale, kama ni wa kukodisha atakodisha, naye atakuwa anajua analipia nini.

Katibu wa Chama